Kiti cha Misri Mjini Dodoma

Ulimi una kazi nyingi. Huomba, hukataa, husifu, huonya, na mara nyingine husingizia. Lakini kazi iliyo ngumu kuliko hizo zote ni kusema kwa niaba ya mtu ambaye msemaji hakumchagua, na ambaye haja yake inapingana na haja ya msemaji mwenyewe. Wakili huifanya kazi hiyo kwa ujira, na balozi huifanya kwa kiapo. Mwanafunzi huifanya bila ujira na bila kiapo. Katika insha hii nataka kueleza jinsi kamati ya wanafunzi inavyoendesha mjadala na kuandika maazimio kwa kufuata mfano wa Umoja wa Mataifa, kama nilivyoishuhudia katika mji wa Dodoma. Tena nataka kuuliza kama zoezi hilo ni mchezo tu, au ni shule yenye mafunzo yake.

Zoezi lenyewe si geni. Vyuo vikuu vya Marekani vilianza kuigiza mikutano ya Shirikisho la Mataifa katika miaka ya 1920, kabla Umoja wa Mataifa haujazaliwa. Hati ya Umoja wa Mataifa ilipotiwa saini mjini San Francisco tarehe 26 Juni 1945, igizo lilibadili jina na kanuni, likaendelea. Kwetu sisi, habari ya kusimama mbele ya mataifa haikuanza kwa igizo. Ilianza kwa haja. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri kutoka Meru mpaka New York kuulalamikia Umoja wa Mataifa juu ya ardhi ya watu wake. Mwezi wa Machi 1955 Julius Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini kueleza madai ya Tanganyika. Tanganyika ikapokewa katika Umoja huo tarehe 14 Desemba 1961, na Zanzibar tarehe 16 Desemba 1963. Mwaka 1979 Salim Ahmed Salim alichaguliwa kuwa Rais wa Baraza Kuu. Kwa hiyo kijana wa Tanzania ainuapo kibao chenye jina la nchi na kuomba nafasi ya kusema, nyuma yake pana safu ya watu waliosema kweli kweli, na wengine wao walisema wakiwa hawana kiti.

Dodoma ni mahali panapolifaa zoezi la namna hii. Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba makao makuu ya nchi yahamie hapa, katikati ya nyanda kavu za Ugogo. Serikali ikahamia kwa nguvu tangu mwaka 2016, na mwaka 2018 mji ukapewa hadhi ya jiji. Hapa Bunge hukutana, na mtu yeyote mwenye redio hujua mwendo wa mjadala: mbunge husimama, huomba nafasi, humtaja Spika kwanza, hutoa hoja, na mwenzake huafiki. Mwingine hukatiza kwa kusema, “Taarifa,” au, “Kuhusu utaratibu.” Watoto wa Dodoma huyasikia maneno hayo dukani na katika basi. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kiko katika vilima vilivyo upande wa mashariki wa mji, na mwanafunzi wake yuko jirani na wale ambao kusema ndiyo kazi yao.

Walakini Dodoma ina jambo jingine linalofaa kukumbukwa kabla mtu hajafungua kinywa. Ni nchi ya ukame. Mvua yake ni ya msimu mmoja, nayo aghalabu haifiki milimita 600 kwa mwaka. Mito mingi huwa mchanga mtupu kwa miezi mingi, na mji wenyewe umetegemea kwa muda mrefu visima virefu vya Makutupora. Wazee wa Ugogo waliyapa majina majanga yao ya njaa, na lile la miaka ya 1918 hata 1920, lililofuata vita vya Wazungu, waliliita Mtunya. Katika nchi kama hii neno “maji” si mada ya mdahalo tu.

Nitaeleza sasa mwendo wa kamati. Mkutano huanza kwa mwito wa majina. Mwenyekiti hutaja nchi moja moja, na mjumbe wake huitika kwa mojawapo ya njia mbili. Akisema, “Nipo,” amejiwekea ruhusa ya kujizuia kura itakapopigwa. Akisema, “Nipo na nitapiga kura,” amejifunga kusema ndiyo au hapana, wala hatakuwa na njia ya tatu. Asubuhi tofauti ya majibu hayo huonekana ndogo, na wengi hujibu bila kufikiri. Nitaonyesha baadaye kwamba jibu la asubuhi linaweza kuamua jambo la jioni.

Baada ya hapo hufunguliwa orodha ya wasemaji. Kila mjumbe hupewa muda uliopimwa, kwa kawaida dakika moja au mbili, na akimaliza kabla ya muda anaweza kumwachia mwenzake dakika iliyobaki, au kuirudisha kwa mwenyekiti, au kukubali kuulizwa maswali. Hasemi “mimi”. Husema “ujumbe wa Misri” au “ujumbe wa Kenya”, kwa maana nafsi yake imewekwa kando. Mtu akivunja kanuni, mwingine husimama kwa ajili ya utaratibu. Mtu akishindwa kusikia, huomba sauti iongezwe, na ombi hilo hutangulizwa mbele ya mengine, maana mjadala usiosikika si mjadala. Hoja yoyote ya kubadili mwendo wa kikao hupigiwa kura papo hapo. Kamati inaweza kuamua kujadili kipengele kimoja kwa hotuba fupi fupi chini ya mwenyekiti, au kuinuka vitini kwa mashauriano ya huru, ambapo kila mtu humwendea amtakaye.

Nimehudhuria vikao vya kutosha kuona kwamba hotuba za kwenye kipaza sauti husafisha njia, lakini makubaliano hupatikana katika mashauriano hayo ya huru. Jambo moja zaidi hutokea wakati huo, nalo halijaandikwa katika kanuni. Ndani ya ukumbi tulisema Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya vitabu vya kanuni. Mara tulipoinuka vitini tulirudi katika Kiswahili. Mtu aliyekuwa akitafuta neno kwa taabu dakika tano zilizopita aligeuka kuwa msemaji hodari, mwenye mizaha, methali na vitisho vidogo vidogo. Kisha tuliporudi kuandika, tulitafsiri tulichokwisha kukubaliana. Umoja wa Mataifa una lugha 6 rasmi, na Kiswahili hakimo. Lakini Umoja wa Afrika ulikipokea kuwa lugha ya kazi mwaka 2022, na UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa siku yake mwaka 2021. Nadhani heshima hizo zitakuwa na maana zaidi siku tutakapokuwa na maneno yaliyozoeleka ya kazi yenyewe: ya hoja, ya rasimu, ya kujizuia, ya marekebisho ya kirafiki na yasiyo ya kirafiki.

Suala tulilopewa katika kikao ninachotaka kukisimulia lilikuwa maji ya mto Nile. Nchi zenye sehemu ya bonde hilo ni 11: Burundi, Rwanda, Tanzania, Uganda, Kenya, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Sudan Kusini, Ethiopia, Eritrea, Sudan na Misri. Viti viligawanywa kwa kura, nami nikapata kiti cha Misri.

Msomaji aelewe nilivyojisikia. Nimezaliwa katika kijiji kilicho upande wa Bahi, ambako mto Bubu huingia katika bwawa na kuishia hapo hapo, bila kufika baharini. Mama yangu na shangazi zangu walichimba maji katika mchanga wa korongo wakati wa kiangazi, na kusubiri yajikusanye kata kwa kata. Tangu utoto nimesikia wakubwa wakisema kwamba siku moja maji ya Ziwa Victoria yatavutwa mpaka Dodoma. Si ndoto tupu: mradi uliopeleka maji ya ziwa hilo Shinyanga na Kahama ulizinduliwa mwaka 2009. Kama kuna nchi ambayo kwa miaka mingi imeyatazama maji ya ziwa hilo kwa jicho la mwenye mali, ni Misri. Sasa nilitakiwa kuwa kinywa chake.

Nilisoma kwa majuma matatu. Nilianza na mkataba wa mwaka 1929, ambao Uingereza iliufanya na Misri kwa niaba ya nchi ilizozitawala. Mkataba huo ulisema kwamba pasijengwe kitu katika Nile, matawi yake, wala maziwa yanayoulisha, kitakachopunguza maji yanayofika Misri, ila kwa makubaliano na Misri kwanza. Mwaka 1959 Misri na Sudan ziligawana maji: Misri mita za ujazo bilioni 55.5 kwa mwaka, na Sudan bilioni 18.5. Nchi nyingine hazikuwamo. Tarehe 4 Julai 1962 serikali ya Tanganyika ikatoa taarifa kwamba mkataba wa 1929 hauifungi. Msingi wa taarifa hiyo ni rahisi kuelewa: mtumwa aliyeachwa huru hadaiwi deni ambalo bwana alijikopea kwa jina lake. Kama mtoto wa Bahi, niliiona hoja hiyo kuwa imekamilika.

Lakini niliendelea kusoma, maana kiti kilinidai. Nikaona ya kwamba Misri haina mvua ya kutegemea. Kwamba zaidi ya sehemu 9 katika 10 za maji yake hutoka katika mto huo mmoja. Na kwamba maji hayo yote huanzia katika nchi za watu wengine. Nikajaribu kuwaza kijiji changu kikiwa na korongo moja tu, na chanzo cha korongo hilo kiko mikononi mwa kijiji cha mbali kisichonijua. Hapo ndipo nilipoweza kuandika hotuba ambayo sikuiona kuwa uongo. Sikusema kwamba mkataba wa 1929 ulikuwa wa haki. Nilisema kwamba mtu aliyeishi kwa kunywa maji ya mto miaka maelfu ana haki ya kujua mto huo utakuwa na hali gani kesho.

Sasa juu ya uandishi. Azimio la Umoja wa Mataifa, hata likiwa na kurasa 5, ni sentensi moja. Mwenye kutenda ni baraza lenyewe. Hufuata vifungu vya utangulizi vinavyoeleza baraza lilikuwa katika hali gani lilipoamua, kisha vifungu vya utekelezaji vyenye namba, vinavyosema limeamua nini. Na nukta huja mara moja tu, mwishoni. Wenzetu hulalamika kwamba muundo huo ni mgumu. Mimi naona unakaa vizuri katika Kiswahili, kwa sababu tuna kiungo cha “ki” kinachofaa kabisa: “Ikikumbuka mikataba iliyopita, ikitambua haja za wakazi wa bonde, ikihuzunishwa na ukame, Kamati: 1. Inazihimiza nchi zote, 2. Inapendekeza, 3. Inaomba.” Mambo mengi hutendeka pamoja chini ya mtendaji mmoja, na msomaji hapotei.

Uzito wa azimio umo katika vitenzi. Kuomba si kuhimiza, kuhimiza si kutaka, na kutaka si kuamua. Baraza Kuu aghalabu hupendekeza. Baraza la Usalama likiamua, wanachama wote wamekubali katika Hati kutekeleza. Mwanafunzi asiyejua tofauti hiyo hujaza rasimu yake vitenzi vikali, akadhani ameandika jambo zito. Mwenye kujua huanza kwa kuuliza, “Tuna mamlaka gani?” Kisha huchagua kitenzi kinacholingana na mamlaka hayo. Aidha, rasimu huwa na watu wa namna mbili chini yake: walioiandika, ambao wanaiunga mkono, na waliotia saini, ambao wanataka ijadiliwe tu. Mtu anaweza kutia saini jambo analokusudia kulipinga. Kwanza jambo hilo lilinishangaza. Baadaye nililiona kuwa adabu. Ni kusema, “Sikubaliani nawe, lakini usikike.”

Nchi 7 zilileta rasimu: Burundi, Rwanda, Tanzania, Uganda, Kenya, Ethiopia na Sudan Kusini. Moyo wa rasimu ulikuwa kifungu cha 3, kilichosema kwamba kila nchi itumie maji ya bonde pasipo kuathiri kwa kiasi kikubwa usalama wa maji wa nchi nyingine. Mimi, kwa kiti nilichokikalia, nilileta marekebisho: pasiathiriwe usalama wa maji pamoja na matumizi na haki zilizopo sasa. Tofauti ni maneno machache. Lakini ukisema “haki zilizopo sasa”, umeurudisha mkataba wa 1959 kwa mlango wa nyuma. Na ukiyaacha maneno hayo, umeufuta. Sikuyabuni mimi. Ni maneno yale yale yaliyowashinda wajumbe halisi walipokuwa wakijadili mkataba wa ushirikiano wa bonde la Nile. Kwa sababu hawakupatana, kifungu hicho kiliachwa kando; nchi za juu zikaanza kutia saini mjini Entebbe tarehe 14 Mei 2010, Tanzania ikiwamo; na mkataba ukaanza kutumika tarehe 13 Oktoba 2024 bila Misri wala Sudan kuwamo.

Theluthi mbili ya 11 ni 8. Nchi za juu zilikuwa na kura 7. Zilihitaji kura moja tu, au mtu mmoja wa upande wa pili ajizuie, kwa maana katika kamati yetu aliyejizuia hakuhesabiwa. Walipoona hivyo waliomba mashauriano ya huru, nasi tukatoka nje, tukasimama chini ya mti.

Mjumbe wa Tanzania alikuwa msichana aliyezaliwa Ukerewe, katikati ya ziwa. Alinijia akiwa na karatasi na kalamu.

“Kaka,” akasema, “wewe unatoka Ugogo. Unajua ndoo moja hupatikana kwa taabu gani.”

“Najua, dada,” nikamjibu. “Lakini leo mimi ni Misri.”

“Basi Misri nayo na ihesabu ndoo.”

Tukahesabu. Tulichukua mji wa watu milioni 1, kila mtu akitumia lita 100 kwa siku. Hizo ni lita milioni 100, yaani mita za ujazo 100,000 kwa siku, au milioni 36.5 kwa mwaka. Tukaigawa kwa bilioni 55.5 za Misri. Ikatoka chini ya sehemu 1 katika 1,000. Mji mzima wa Dodoma ungeweza kunywa, kupika na kufua kwa maji ya ziwa mwaka mzima, na mkulima wa Misri asijue. Maji yanayogombaniwa si ya kunywa. Ni ya kumwagilia mashamba na ya kuzungusha mitambo.

Hesabu hiyo ndiyo iliyofungua mlango ambao hotuba zetu hazikuufungua. Tuliketi chini tukaandika kifungu kipya: maji ya kunywa ya watu na mifugo, na ya matumizi ya nyumbani, yasihitaji idhini ya nchi yoyote, lakini kazi kubwa za umwagiliaji na za mabwawa zitangulizwe na taarifa, na nchi za chini zipewe miezi 6 ya kujibu. Sehemu zote mbili zilikuwa na mashiko. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1997 juu ya mito ya kimataifa unataka mahitaji muhimu ya binadamu yatazamwe kwa namna ya pekee, na umetaja muda huo wa miezi 6. Niliweza kukikubali kifungu hicho nikiwa Misri, kwa sababu hakikuipunguzia Misri chochote cha kuhesabika. Sikukikubali kwa kuwa mimi ni mtoto wa Bahi. Lakini sidhani kama mtu asiyejua ndoo angekubali kuketi chini kuihesabu.

Tuliporudi ndani, mwenyekiti aliruhusu kura ya kifungu kwa kifungu. Kifungu cha maji ya kunywa kilipata kura 11 kwa 11. Kisha kikaja kifungu cha 3, baada ya marekebisho yangu kukataliwa. Nchi 7 zikasema ndiyo. Misri na Sudan zikasema hapana. Kongo ikasema hapana, kwa hoja kwamba jambo kubwa namna hiyo lisipitishwe bila mwafaka wa wote. Akabaki mjumbe wa Eritrea. Alitaka kujizuia, na alikuwa tayari amefungua kinywa. Mwenyekiti akamkumbusha kwamba asubuhi aliitika, “Nipo na nitapiga kura.” Ukumbi ukanyamaza. Akafikiri kidogo, akasema, “Hapana.” Kura 7 kwa 4, theluthi mbili haikufika. Laiti angeruhusiwa kujizuia, ingekuwa 7 kwa 3, na kifungu kingepita.

Kwa kanuni za mchezo, ujumbe wa Misri ulikuwa umeshinda. Nilipewa mkono na watu wengi. Lakini usiku ule nilitafakari kwamba nimefaulu kuzuia maneno ambayo jamaa zangu, wangeulizwa, wangeyapigia kura mikono yote miwili juu.

Likizo ilipofika nilikwenda kijijini, nikamsimulia babu yangu habari yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, “Huyo uliyemsemea, ana kiu au hana?”

“Anayo, babu.”

“Basi hujasema uongo. Lakini nieleze: nani atakaa kisimani kuhesabu zamu?”

Nikamwambia kwamba kifungu cha 4 kimeunda tume ya nchi zote.

“Na tume ikimkuta mtu ameiba zamu?”

“Itaandika taarifa, babu.”

Akacheka mpaka akakohoa. “Sisi tulimnyang'anya kata,” akasema, “mpaka aombe radhi.”

Kicheko kile kimenifundisha kuliko vitabu vingi. Kisimani pana mtu wa kumnyang'anya mwizi kata, kwa kuwa wote ni jirani na kesho watakutana tena. Baina ya madola hapana mtu kama huyo. Bwawa kubwa la Ethiopia katika Nile ya Buluu lilianza kujengwa mwaka 2011. Shauri lake lilifika mbele ya Baraza la Usalama mwezi wa Julai 2021. Na bwawa likazinduliwa mwezi wa Septemba 2025, Misri na Ethiopia zikiwa hazijapatana. Mahali pasipo na wa kunyang'anya kata, kinachobaki ni maneno, nayo yana nguvu ile tu ambayo wasemaji wenyewe wameyatia. Ndiyo sababu mtu asiyaone maneno hayo kuwa ni upuuzi. Kama kata haiwezi kunyang'anywa, basi zamu na iandikwe wazi kiasi kwamba mwizi wake aonekane na wote.

Wako wanaolishutumu zoezi hili. Wanasema linawafundisha vijana kupamba usemi, kuvaa tai wakati wa jua kali, na kuitana waheshimiwa kabla ya wakati. Wanasema kwamba azimio la wanafunzi halijachimba hata kisima kimoja. Hilo la mwisho ni kweli tupu, wala silipingi. Nimewaona pia wajumbe waliojifunza kanuni ili wawanyamazishe wenzao, na wengine waliochukua rasimu za mikutano mingine wakabadili majina ya nchi. Ila kosa la namna hiyo ni la mtu, na dawa yake ni ile ile: msomeshe habari ya nchi aliyopewa mpaka aijue kiu yake.

Wako wengine wanaosema kwamba kura si desturi yetu. Kwamba wazee waliketi chini ya mti wakazungumza mpaka wakapatana, na Mwalimu Nyerere mwenyewe aliitaja desturi hiyo mara nyingi. Jibu langu ni kwamba kamati niliyoieleza ilifanya yote mawili. Neno la maji ya kunywa lilipatikana chini ya mti, na kura iliyofuata ilikuwa muhuri tu. Neno la kifungu cha 3 halikupatikana chini ya mti, na kura ikaonyesha waziwazi kwamba halijapatikana. Sheria ya Umoja wa Afrika hufuata mwendo kama huo: wakuu hutafuta mwafaka kwanza, wakiukosa ndipo theluthi mbili huamua. Mazungumzo yasiyo na kura yanaweza kumficha mnyonge aliyechoka kubisha, na kura isiyotanguliwa na mazungumzo huhesabu watu ambao bado hawajasikilizana.

Naona basi faida ya kazi hii iko mahali pamoja. Mtu huweza kuijua haja yake bila kufundishwa. Tumbo na koo humweleza. Haja ya mwingine hana njia ya kuijua ila kwa kuazimwa kiti chake na kulazimishwa kukisemea, tena mbele ya watu watakaomsahihisha akikosea hesabu. Baada ya hapo anaweza kurudi katika kiti chake mwenyewe na kudai haki yake kwa nguvu zaidi, kwa kuwa anajua upande wa pili utajibu nini. Mimi leo nikiambiwa niiandikie Misri barua kwa niaba ya Dodoma, kuomba au kudai maji ya ziwa, nitaanza na ile hesabu ya ndoo. Kisha nitataja taarifa ya mwaka 1962. Mpangilio huo sikuupata katika kiti cha Tanzania.

Katika jiji hili, si mbali na vilima vya chuo, iko Mtumba, mji wa wizara. Humo barua halisi huandikwa kila siku juu ya maji halisi, na baadhi ya watakaoziandika miaka ijayo sasa wako madarasani. Ni heri kwa nchi kama kabla ya kushika kalamu hiyo watakuwa wamewahi kukaa, hata kwa siku tatu tu, upande wa pili wa meza.